Nani Aliyeiunguza Pamba?

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, hakukana kwamba pamba ikitiwa motoni huungua. Watu humzulia hilo, hasa wanaomjua kwa kusimuliwa. Alichokana ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwamba moto ndio unaoiunguza. Katika mjadala wa 17 wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokiandika Baghdad karibu na mwaka 1095, anasema macho yetu huona mambo mawili tu. Pamba imegusana na moto. Kisha pamba imekuwa jivu. Jambo la tatu, la kuyafunga hayo mawili, halionekani. Tunachoshuhudia kimetokea pamoja na moto. Kwamba kimetokea kwa nguvu ya moto, hilo tumelitia sisi. Anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, na mfuatano tuliouzoea ni ada yake, ambayo akitaka huivunja.

Hoja hii niliipata kabla sijalijua jina la Ghazali. Maalim wetu wa chuoni, hapa Unguja, alipokuwa akitusomesha sifa ishirini na kufika kwenye uwezo, alituuliza: kisu hukata? Tukaitikia wote, hukata. Bakora ikapiga mkeka. Kisu hakikati, akasema, kisu kipo tu. Anayekata ni Mungu. Tukakariri kama tulivyokariri kila kitu, tukaenda nyumbani kumenya maembe kwa visu ambavyo havikati.

Leo nasomesha fizikia sekondari. Tulikuwa kwenye mada ya usafiri wa joto, kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, samahani. Kama joto lazima litoke kwenye kitu cha moto liende kwenye kitu cha baridi, Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni asiungue ilikuwaje?" Darasa zima likaacha kuandika. Katika dakika arobaini za kipindi hakuna swali zuri kuliko hilo, na uzito wake wote umekaa juu ya neno moja alilolitumia bila kulifikiria: lazima.

Majibu mawili yapo tayari, na yote mawili siyataki. La kwanza ni la waliosoma wakashiba: fizikia imeshakata, hadithi ni hadithi. La pili ni la wahubiri wa kwenye simu, ambao kila aya wameitafutia maabara: Mungu alimzungushia Mtume wake tabaka la hewa isiyopitisha joto, na sayansi ya leo imethibitisha. Hili la pili hunikera zaidi. La kwanza angalau linajua linachokikataa. La pili linataka aya isubiri cheti kutoka kwetu sisi, walimu ambao vipimajoto vya shule tunavigombania.

Lakini kabla ya kumjibu kijana, ilibidi tujue moto unapounguza unafanya nini hasa. Mabishano mengi ya dini na sayansi hufia hapa. Watu wanarushiana maneno juu ya moto, na hakuna aliyeutazama.

Bibi yangu alikuwa akioka mikate ya mofa. Tanuri lake lilikuwa la udongo, umbo la mtungi mkubwa usio na shingo, mdomo ukiangalia juu. Kuni ziliwaka humo mpaka masizi ya ukutani yakaungua yenyewe na kuta zikageuka kutoka nyeusi kuwa nyeupe. Hapo ndipo alipojua tanuri limeiva. Akisubiri ndimi za moto zilale, makaa yabaki chini. Kisha alichovya mkono kwenye bakuli la maji, akachota donge la unga wa mtama ulioumuka, akalitandaza kiganjani, akainama, mkono ukazama tanurini mpaka kiwikoni, pa! mkate umenata ukutani na mkono umeshatoka. Aliweza kufanya hivyo asubuhi nzima huku anazungumza na jirani habari za harusi.

Ukuta kama ule hupita nyuzi 250, na hewa iliyouzunguka mkono wake haikuwa mbali sana na hapo. Maji ya chai hayapiti 100. Lakini bibi huyohuyo chai ya kuchemka ikimmwagikia mkononi alipiga ukelele ukasikika mtaa wa pili. Basi kipi chenye moto zaidi, tanuri au birika?

Swali hilo haliwezi kujibiwa mpaka ligawanywe. Jotoridi, lile linalosomwa kwenye kipimajoto, hueleza chembe za kitu zinahangaika kwa kasi gani kwa wastani, kila moja kwa nafsi yake. Kwa hesabu hiyo tanuri limeshinda. Nishati ya joto ni jumla ya mahangaiko ya chembe zote zilizomo, na hapo idadi inaingia: katika lita moja ya hewa ya tanurini chembe ni chache mno zikilinganishwa na zile za lita moja ya maji. Lita ya maji yanayochemka, ikipoa mpaka jotoridi la mwili, hutoa nishati zaidi ya mara 1,500 ya ile ambayo lita ya hewa ya tanuri ingeitoa. Hewa ilikuwa na ukali mwingi na mali kidogo. Isitoshe, maji aliyochovya yalikuwa yanageuka mvuke juu ya ngozi yake, na kilo moja ya maji ili igeuke mvuke humeza nishati mara tano na zaidi ya ile ya kuitoa kwenye baridi ya barafu hadi kuchemka. Bibi hakuwa na haja ya kuyajua hayo. Alijua kitu kimoja: usiguse ukuta.

Na joto lenyewe? Hapa wanafunzi huchelewa, na wenye haki ya kuchelewa ni wengi, maana wanasayansi nao walichelewa. Joto halikai ndani ya kitu. Ni nishati iliyo safarini, inavuka kutoka penye jotoridi kubwa kwenda penye dogo, na ikishafika haiitwi tena joto. Ukiamka alfajiri kutawadha ukavuka sakafu ya saruji, nyayo zinasisimka. Ukipanda mkekani uswali, afadhali. Weka kipimajoto: saruji na mkeka vimelala chumba kimoja usiku kucha, jotoridi lao ni moja. Saruji inaichukua nishati ya mguu wako upesi, mkeka unaichukua polepole, na ngozi yako inakuambia habari za mwendo huo tu. Ngozi haijawahi kupima jotoridi la kitu chochote. Inapima hasara na faida yake yenyewe.

Nadhani Ghazali angelipenda hili. Yeye aliyesema macho hayaoni "kuunguza", angefurahi kusikia kwamba hata kidole hakigusi "moto".

Wazungu wa karne ya 18 waliamini joto ni kitu, maji membamba yasiyo na uzito yanayopenya ndani ya vitu. Lavoisier, kwenye kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789, aliliorodhesha miongoni mwa elementi, jirani na oksijeni. Wazo hilo si la kijinga. Lilieleza mengi, na hesabu zake nyingi zilikwenda sawa. Lilipata kikwazo kwenye karakana ya silaha ya Munich, ambako Count Rumford alikuwa akisimamia utoboaji wa mizinga. Aliuzamisha mzinga majini, farasi wakizungusha mtambo na keekee butu ikisugua shaba, na baada ya kama saa mbili na nusu maji yakachemka, moto haupo. Farasi wakiendelea, joto linaendelea. Kitu gani hiki kisichokwisha kumiminika? Mwaka 1798 akaandika kwamba anachokiona hakiwezi kuwa kitu, ni mwendo.

Aliyekuja kulipimia bei yake ni James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford karibu na Manchester. Elimu Mungu humpa amtakaye. Joule aliangusha mizigo iliyozungusha makasia ndani ya chombo cha maji, akapima jotoridi lilivyopanda kwa vijisehemu vya nyuzi ambavyo wenzake waliona haviwezi kupimika. Kwa vipimo vya leo, maji yaanguke kimo cha mita 427, na nishati yote ya anguko ibaki ndani yao, ndipo yapande nyuzi moja. Kwa nini aliamini kwamba lazima hesabu ziwiane, hata pale vipimo vyake vya mwanzo vilipopishana vibaya? Alisema mwenyewe katika miaka ya 1840: uwezo wa kuangamiza ni wa Muumba peke yake, kwa hiyo nadharia yoyote inayotaka nguvu ipotee hivi hivi ina kosa. Hifadhi ya nishati, inayosomeshwa leo kama jambo lisilo na dini, kwa Joule ilisimama juu ya tauhidi ya aina yake. Sisemi hilo linathibitisha dini. Nasema tu kwamba mtu aliyeamini Mungu hakivunji ovyo alichokiumba alipata nguvu ya kukaa na kipimajoto mpaka usiku.

Turudi kwenye pamba. Tukiingia ndani ya moto tunakuta nini? Gesi zenye jotoridi kubwa, chembe zake zinaigonga pamba, nyuzi za pamba zinatikisika mpaka viungo vya kemia vinakatika, oksijeni inashika nafasi. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyemjibu Ghazali kwa Tahafut al-Tahafut takriban miaka 80 na kitu baadaye, angesimama hapa aseme: haya, hicho ndicho kitu cha tatu ulichosema hakionekani. Mwenye kuondoa sababu, kwa maoni yake, ameondoa na akili, kwa kuwa akili ni kuvijua vitu kwa sababu zake. Ni hoja nzito na mimi kwa kazi yangu ni wa upande wake. Bila hiyo siwezi kusahihisha daftari hata moja.

Lakini Ghazali hajafungwa mdomo. Atauliza: hizo chembe zinazogongana, umeona "kugonga kunakosukuma", au umeona moja imekaribia na nyingine imeondoka? Swali lilelile limeshuka ghorofa moja. Unaweza kulishusha tena na tena; fizikia ni ngazi ndefu ya kushukia, na kila ghorofa ina faida yake, ila kwenye kila ghorofa anakungoja.

Ajabu ni kwamba mpinzani mkubwa wa ile "lazima" ya mwanafunzi wangu hakutoka madrasa. Alitoka Vienna. Ludwig Boltzmann, ambaye kaburi lake huko limechongwa fomula yake ya entropia, yaani kipimo cha mvurugiko, alionyesha kwamba joto huenda kwenye baridi kwa sababu ya hesabu tu. Changa karata 52 zilizopangwa kwa rangi na namba, zitavurugika. Hakuna sheria inayozikataza kurudi kwenye mpango wake. Ni kwamba mipango mivurugo ni mingi mno na ule nadhifu ni mmoja. Chembe nazo ni vivyo hivyo: njia za nishati kutawanyika ni nyingi kupita akili, na za kurundikana ni chache.

Chache kiasi gani? Weka chai ya nyuzi 87 katika chumba cha nyuzi 27. Chukua jouli moja ya nishati, ile inayotosha kuinua ndimu ya gramu 100 kimo cha mita moja. Bahati ya jouli hiyo kutoka hewani ikaingie kwenye chai, badala ya kutoka kwenye chai kwenda hewani, ni moja kwa namba ambayo tarakimu zake, tarakimu tu, ni milioni 17 mara milioni mara milioni. Ungeanza kuiandika ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, tarakimu moja kila sekunde bila kulala, leo usingekuwa umefika hata sehemu ya ishirini yake. Hata hivyo, si sifuri.

Nikifika hapa darasani huona macho ya baadhi yao yanang'aa. Wameuona mlango. Si sifuri! Basi moto wa Ibrahimu ungeweza kupoa wenyewe na fizikia haina neno. Nimewasikia hata watu wazima wenye vilemba wakilisema hilo kwa furaha, na hapa ndipo ninapotaka kusimama nao.

Mlango huo hauelekei kwenye muujiza, unaelekea kwenye bahati nasibu. Ikiwa moto haukumuunguza Ibrahimu kwa kuwa chembe, siku hiyo, zilipangika kwa namna adimu, basi Ibrahimu hakuokolewa. Ameshinda bahati nasibu. Kisa kizima kinaporomoka, kwa sababu uzito wake ni kwamba kila aliyekuwepo, mwenye kuni, aliyewasha na mfalme mwenyewe, alijua bila shaka moto hufanya nini. Wangekuwa wanaishi katika ulimwengu ambao moto huunguza Jumatatu na Jumanne hauunguzi, wangeondoka wakisema leo ni Jumanne. Ishara huhitaji ada imara nyuma yake. Anayelegeza kanuni ili muujiza upenye ameufanya muujiza usionekane.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, muumini ndiye anayepaswa kuwa mkali kuliko wote juu ya kanuni za joto. Na Ghazali mwenyewe, ukimsoma mpaka mwisho wa mjadala, hakuwa mlegevu. Alijiwekea pingamizi la kuchekesha: ukikana sababu, si mtu ataacha kitabu nyumbani na kuogopa atakikuta kimegeuka kijana? Akajibu kwamba Mungu ametujengea nafsini elimu kwamba hayo, ingawa yanawezekana, hayatokei, na elimu hiyo imetokana na ada iliyorudiwa mara kwa mara. Kisha akafungua njia ya pili, ambayo wengi huipita bila kuiona. Huenda, akasema, moto una tabia yake kweli, lakini sifa ya moto au ya mwili ikabadilishwa. Akatoa mfano wa mtu aliyejipaka talki akaingia kwenye tanuri linalowaka asidhurike. Mtu wa karne ya 11 anazungumza habari za kizuizi cha joto. Wale wahubiri wa simu wana babu mkubwa kuliko wanavyojua. Tofauti ni kwamba yeye alisema "huenda".

Hiyo ada, kwa vyovyote vile, haisomwi katika kitabu cha akida. Inasomwa kwenye kitu chenyewe. Mwaka 1963 kijana wa sekondari milimani Lushoto, Erasto Mpemba, alitia mchanganyiko wa maziwa kwenye friza ungali moto akaona umeganda kabla ya wa mwenzake usiochemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Miaka michache baadaye makala yake na Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam, ilichapishwa, mwaka 1969, na hadi leo wapo wanaolikubali jambo hilo na wapo waliolipima wasilione. Ninachokipenda ni kwamba aliyemcheka alitumia neno lazima, na yeye alitumia friza.

Kuna jambo jingine katika kisa cha Ibrahimu ambalo fizikia ilinifanya nilione upya. Qur'ani haisemi moto uliamrishwa uwe baridi, basi. Uliamrishwa uwe baridi na salama, na wafasiri wa kale walisimama hapo: lisingekuja neno la pili, walisema, baridi yenyewe ingemwua. Jotoridi hushuka mpaka nyuzi 273.15 chini ya sifuri, na huko juu hatujui linapokwisha. Kwenye kiini cha nyota ni mamilioni. Mwili wa mtu uko kwenye 37. Ukipanda ukapita 42 uko hatarini, ukishuka chini ya 28 moyo unaweza kusimama. Kipande chembamba kiasi hicho. Kupoza moto ni rahisi. Kuupoza ukakomea pale penye salama ndiyo kazi. Wafasiri hawakuwa na kipimajoto na waliliona. Sisi tunacho, tunasoma harakaharaka.

Kijana wangu nilimwambia hivi: fizikia inakueleza ada, na inaieleza vizuri kiasi kwamba ukiweka mkono ukutani mwa tanuri utaungua, uwe mcha Mungu au usiwe. Haikuambii kama mwenye ada yupo, na usiilazimishe. Mwenzangu anayesomesha dini, aliyenisikia kupitia dirishani, alinifuata ofisini. Aliona nimempa Ghazali kidogo mno. Tulibishana mpaka kengele, na hoja yake bora, ambayo bado inanisumbua, ni hii: ukishakubali kwamba lazima yako ni hesabu ya wingi tu, basi nani aliyepanga zile karata mwanzoni?

Kwa sababu hesabu ya Boltzmann ina deni. Inaeleza kwa nini vitu huvurugika, kwa sharti kwamba vilianza vikiwa vimepangika. Chai ni ya moto kwa sababu gesi ya jikoni iliwaka, gesi imetokana na viumbe wa kale, viumbe waliishi kwa jua, jua ni rundo la haidrojeni lililokusanyika, na ukirudi hivyo unafika kwenye mwanzo wa ulimwengu uliokuwa na entropia ndogo kupindukia. Kwa nini ndogo? Wanafizikia wana mapendekezo, wala hawajakubaliana. Mwenzangu anataka niandike jina la Mungu kwenye nafasi hiyo. Sitaki. Nafasi za namna hiyo zimewahi kujazwa hivyo kisha zikapata wenyewe, na aliyeaibika si Mungu, ni waliomweka pale. Tena kwa hoja ya Ghazali mwenyewe nafasi hiyo haina daraja kuliko chai iliyopo mezani: kama Mungu ndiye mwenye ada, yupo kwenye kila jouli inayovuka, si kwenye ile ya kwanza tu. Mwenzangu alisema hapo nimeanza kusema kweli. Nikamwambia hapo nimeacha kusema fizikia.